Ugomvi Husuluhishwa, Ukatili Hukomeshwa

Binti akirudi kwao usiku na jicho limevimba na mtoto mgongoni, mara nyingi mambo huenda kwa mpangilio uleule. Mama anachemsha maji ya kumkanda. Baba anakaa kimya sebuleni. Asubuhi shangazi anapigiwa simu, mshenga anaitwa, na kabla wiki haijaisha kikao kimekaa: upande wa mume huku, upande wa mke kule, soda zimegawiwa. Mume anaulizwa kama ni kweli alipiga. Anasema ni kweli, hasira zilimzidi, lakini na yeye mke aulizwe alimjibu nini. Anaulizwa. Wazee wanawapa nasaha wote wawili, mume anatozwa faini, anaomba radhi, na jioni ileile binti anapandishwa bodaboda kurudi alikotoka.

Kila aliyekaa kwenye kikao hicho huondoka akiamini ametenda wema. Kusuluhisha tunakujua na tunakuthamini. Ndoa nyingi zimesimama kwa sababu kulikuwa na mzee mwenye busara wa kusema neno kwa wakati wake. Lakini usuluhishi ni chombo cha ugomvi. Ukiutumia kwenye ukatili, unamrudisha mtu mahali pa hatari, na safari hii anarudi akijua kwamba ukoo mzima umeshaamua akae hukohuko.

Makala haya nawaandikia ninyi mnaoitwa kwenye vikao hivyo: wazazi, mashangazi, makaka, mawifi, wasimamizi wa ndoa, wachungaji, masheikh, mabalozi na majirani. Tafiti za kitaifa za afya ya jamii zimeonyesha kwamba mwanamke anayepigwa na mumewe, akiamua kusema, huwaendea kwanza ndugu zake. Wanaofika polisi ni wachache. Kwa hiyo kinachofanywa na ndugu ndicho mara nyingi kinachoamua kitakachofuata. Utafiti wa 2015/16 ulikuta wanawake 40 kati ya kila 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Ule wa 2022 ulikuta 27. Idadi imeshuka, na bado ni zaidi ya mmoja kati ya kila wanne. Katika utafiti huo wa 2015/16, wanawake 58 kati ya 100 walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mke kwa angalau sababu moja kati ya walizotajiwa, kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Kwa wanaume walikuwa 40. Hapo ndipo tulipo: hata mama mzazi anaweza kuwa mtu wa kwanza kuuliza, "Kwani ulimfanya nini?"

Tofauti iko wapi

Katika ugomvi, watu wawili wanatofautiana na kila mmoja ana ubavu wa kusema. Wanaweza kupigiana kelele, kununiana siku tatu, kutupiana maneno ya kuumiza. Lakini hakuna anayemwogopa mwenzake. Mke anaweza kusema "sikubali" na kesho akaamka, akaenda kazini, akapiga simu kwao, akatumia pesa yake.

Katika ukatili kuna mmoja anayeogopa, na woga huo ndio unaoendesha nyumba. Anapika kwa woga, anavaa kwa woga, anapokea simu kwa woga. Kipigo huenda kikaja mara moja kwa mwaka, na hiyo mara moja inatosha kulinda utaratibu wa mwaka mzima. Ndiyo maana swali la kuuliza si amepigwa mara ngapi. Muulize: "Ukimkatalia jambo, nini hutokea?" Jibu la swali hilo, au ukimya unaolifuata, litakuambia kama mbele yako kuna ugomvi au ukatili.

Mtazame mama ntilie ambaye hajawahi kupigwa hata kofi. Kila jioni mumewe huketi naye kupiga hesabu: kilo ngapi za mchele zimepikwa, sahani ngapi zimetoka, shilingi ngapi zimeingia. Laini ya simu inayopokea malipo imesajiliwa kwa jina la mume, na namba ya siri anayo yeye. Mia tano ikipungua, mke anahojiwa mpaka usiku wa manane amempa nani. Akitaka kwenda kwenye msiba kwao, anaomba nauli siku tatu nzima, na mara nyingi matanga yanaanuliwa bila yeye. Kwenye kikoba alishajitoa kwa sababu mume alisema wenzake wanamfundisha jeuri. Majirani wanamsifu bwana yule: halewi, hachezi kamari, anajali hesabu za nyumba.

Huo ni ukatili, na umekamilika bila kofi. Mwingine hufanywa kwa matusi mbele ya watoto, kwa kunyimwa matumizi, kwa kulazimishwa tendo la ndoa, kwa kukaguliwa simu, kwa kulazimishwa kupiga simu ya video ili aonyeshe yuko wapi, kwa vitisho vya "nitakunyang'anya watoto" au "nitajiua, uje unizike". Mtendaji anaweza kuwa mume, mke, mkwe, kaka au mtoto mkubwa. Wapo wanaume wanaopigwa na kudhalilishwa na wake zao, na wengi hufa na siri hiyo wakiogopa kuchekwa. Yupo dada wa kazi anayepigwa jikoni, na yupo bibi anayeporwa pesa zake na wajukuu. Kwa kila mmoja wao kipimo ni kilekile: nani anamwogopa nani, na akikataa kinatokea nini.

Unachoweza kukiona kwa nje

Anayeteswa huwa hodari wa kuficha. Michubuko inavikwa mikono mirefu na mtandio wakati wa joto, na maelezo ni yaleyale: ameteleza bafuni, amejigonga kwenye kabati. Anaanza kukosa kwenye harusi, misiba, jumuiya na darasa la dini. Ukimpigia, anajibu kwa mkato, au unasikia simu imewekwa spika na kuna mtu pembeni anayesikiliza. Kabla ya kujibu swali lako anamtazama mumewe. Anaomba ruhusa kwa jambo ambalo mtu mzima haombi ruhusa. Watoto wananyamaza ghafla baba anapoingia, au mmoja anaanza kujikojolea usiku ilhali alikwishaacha.

Dalili moja haitoshi kumhukumu mtu. Zikijikusanya, zinatosha kukufanya umtafute mwenzako mkiwa peke yenu, sokoni, kisimani au saluni, na umuulize kwa upole: "Nakuona umebadilika. Nyumbani uko salama?" Ukimuuliza mbele ya mumewe, umemweka hatarini.

Dalili za kuogopwa zaidi

Kuna dalili zinazotangaza kwamba hali imefika pabaya, na ndugu wanapaswa kuzijua kwa majina. Ya kwanza ni kukabwa koo. Watu wengi huliona jambo dogo kwa sababu mara nyingi halibakizi alama. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake alikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara saba wa kuja kuuawa naye. Mtu aliyekabwa, hata akionekana mzima, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hasa kama sauti imekwaruza, anameza kwa shida, kichwa kinauma au macho yana wekundu wa damu. Madhara yanaweza kujitokeza siku kadhaa baadaye.

Nyingine ni kutishiwa kuuawa, kutishwa kwa panga, kisu au petroli, kufuatiliwa kila aendako, kupigwa akiwa mjamzito, na kipigo kinachozidi ukali kila mara. Ya mwisho huwashangaza wengi: kuondoka. Siku anayofungasha, na miezi inayofuata, ndicho kipindi cha hatari kubwa, kwa sababu mtesaji anaona mamlaka yake yanamponyoka.

Septemba 2024 mwanariadha wa Uganda Rebecca Cheptegei, wiki chache tu baada ya kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake katika kaunti ya Trans Nzoia, Kenya, na mwanaume aliyekuwa na uhusiano naye. Alifariki siku chache baadaye hospitalini Eldoret. Taarifa za awali zilisema walikuwa wakigombania kiwanja. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana 51,100 duniani waliuawa na wenzi au ndugu zao, na Afrika peke yake ilibeba 21,700. Wengi wao huenda walikuwa na ndugu waliosema, "Hao wana ugomvi wao wa ndani."

"Sasa mbona haondoki?"

Swali hili huulizwa kana kwamba mlango uko wazi na yeye amegoma kutoka. Hesabu mwenyewe. Aondoke na watoto watatu, alale wapi? Kodi inadaiwa miezi mitatu au sita kwa mpigo. Shule ya watoto iko pale. Mahari ilishaliwa, na kuna kaka aliyeoa kwa ng'ombe wale. Kanisani ni kiongozi wa akina mama. Ameambiwa tangu siku ya kufundwa kwamba mambo ya chumbani hayatoki nje, na kwamba mvumilivu hula mbivu. Isitoshe, yule anayempiga usiku ndiye anayemnunulia kitenge asubuhi na kulia mbele yake, naye anampenda, anatamani yule wa kitenge abaki na yule wa kipigo aondoke.

Juu ya yote hayo ameshatishiwa kifo, naye anamjua mumewe kuliko sisi. Kuna siku kubaki ndiyo njia yake ya kujilinda yeye na watoto mpaka apate nafasi. Mtu wa namna hii haokolewi kwa kukaripiwa. Anahitaji watu wa kumpunguzia mzigo mmoja mmoja mpaka mlango ufunguke kweli.

Akija kwako

Dakika kumi za kwanza zina uzito kuliko unavyodhani, kwa kuwa huenda amejaribu kusema mara mbili huko nyuma akanyamazishwa. Kaa naye mahali ambapo hakuna anayesikiliza. Mpe maji. Mwache aseme kwa mpangilio wake, hata kama anaruka kutoka jambo hili kwenda lile. Woga huvuruga kumbukumbu, na hiyo haimaanishi anadanganya.

Maneno manne yanatosha kuanza: "Nakuamini." "Kosa si lako." "Nashukuru umeniambia." "Unataka nikusaidieje leo?" Hilo la mwisho ndilo linaloanza kumrudishia alichonyang'anywa, yaani uamuzi juu ya maisha yake.

Na kuna maneno ya kuyameza. "Ulimfanya nini?" linahamisha kosa. "Vumilia kwa ajili ya watoto" linasahau kwamba watoto nao wako ndani ya nyumba ileile, wanasikia kila kitu kupitia ukutani. "Ningekuwa mimi ningeshaondoka" linamwaibisha. "Mwache leo hii, ukirudi usije kwangu tena" ni amri juu ya amri. Mtesaji alishamfungia milango, na wewe umefunga mmoja zaidi. Usimtukane mumewe pia. Akirudi kwake kesho, na wengi hurudi mara kadhaa kabla ya kutoka moja kwa moja, atakumbuka ulivyomtukana na ataona aibu kukupigia. Mwambie hivi: "Ukienda, ukikaa, ukirudi, namba yangu ni ileile."

Tunza siri yake. Usimsimulie wifi yako, usiandike kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Na usimwendee mume kumkanya bila mke kukubali. Wewe utamkanya na kurudi kwako, atakayelipia maneno yako ni yeye usiku ule.

Kama wewe ni jirani na unasikia kilio usiku, mithali ya ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime isikufungie ndani. Pigeni hodi mkiwa wengi, hata kwa kisingizio cha kuomba kiberiti. Mara nyingi kipigo hukatika watu wakifika. Mwite mwenyekiti wa mtaa au balozi, piga polisi 112. Usiingie peke yako kwa mtu mwenye panga.

Kama kikao ni lazima

Najua familia zetu. Kikao kitaitishwa tu, hata nikiandika kurasa mia. Basi kiendeshwe hivi. Kwanza, mke asikilizwe peke yake, na watu wawili au watatu anaowaamini, kabla ya kikao chochote cha pamoja. Mbele ya mumewe hatasema ukweli, na akiusema ataulipia. Pili, aulizwe kama anakitaka kikao hicho. Akikataa, hakuna kikao. Tatu, mada iwe moja: usalama wake na wa watoto. Makosa ya kupika, kujibu na kuchelewa yatajadiliwa siku nyingine, ikiwapo. Yakiingizwa hapo, kipigo kinageuka kuwa adhabu iliyozidi kidogo tu. Nne, asirudishwe siku ileile. Akae kwao au kwa ndugu, na mume aonyeshe kwa miezi, kwa matendo yanayoonekana, kwamba amebadilika: ameacha vitisho, analeta matumizi ya watoto bila masharti, anamwacha mke huru na simu yake. Radhi na machozi vilikuwepo hata baada ya kipigo kilichopita. Tano, faini ya mbuzi au ya pesa kwa wazee isichukuliwe kuwa ndiyo mwisho wa shauri. Aliyeumia ni yeye, na wazee ndio watakaokula mbuzi.

Wanaume mliomo kwenye vikao hivyo mna kazi ambayo hakuna mwingine anayeiweza. Mtesaji huwasikiliza baba zake wadogo na marafiki zake kuliko anavyomsikiliza mkewe. Mwambieni wazi, bila kumchekea, kwamba kupiga ni kosa, na kwamba akirudia mtakuwa mashahidi.

Mpango wa usalama

Kwa anayeishi bado na mtesaji, au anayejiandaa kuondoka, mpango mzuri ni wa vitu vidogo. Kaeni mkaupange pamoja, usiandikwe kwenye simu yake.

Chagueni neno la siri. Akikutumia ujumbe wa kawaida kama "mama, zile dagaa zimefika?" unajua ni wakati wa kuja au kuita polisi. Watoto wakubwa wafundishwe kukimbilia kwa jirani fulani, na waonywe wasijiingize katikati. Vurugu zikianza, ajiepushe na jikoni, bafu na chumba kisicho na mlango wa pili.

Nakala za nyaraka ziwekwe kwako: kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, kadi ya kliniki, kadi ya bima, hati au mkataba wa kiwanja, vyeti vya shule. Akibeba za asili zote kwa mpigo mume atashtuka, kwa hiyo atoe nakala kwanza. Begi dogo lenye nguo za siku mbili, dawa anazotumia na ufunguo wa akiba likae kwa mtu ambaye mume hamdhanii. Aweke pesa kidogo kidogo nje ya nyumba, hata elfu mbili mbili kwa dada wa mchezo.

Simu yake ichunguzwe kwa makini. WhatsApp inaweza kuwa imeunganishwa kwenye kifaa kingine, na ramani inaweza kuwa inamwonyesha mume mahali mkewe alipo. Lakini asizime vyote ghafla, maana kuzima kunampa mtesaji habari. Mambo nyeti ayafanye kwa simu yako.

Na kila tukio liandikwe: tarehe, alichofanya, aliyeona. Picha za majeraha na ujumbe wa vitisho vitumwe kwako, kisha avifute kwake.

Hospitali na polisi

Mtu aliyejeruhiwa vibaya apelekwe hospitali kwanza. Fomu ya polisi namba tatu, PF3, inahitajika kwa ajili ya kesi na itafuatiliwa mapema, lakini isiwe sababu ya mtu kuvuja damu mapokezi. Daktari aelezwe ukweli wa kilichotokea ili auandike; aliyeandikiwa kwamba ameanguka atapata shida mahakamani kusema alipigwa.

Kama amebakwa au kulazimishwa, muda ni kitu cha kwanza. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinaanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora; dawa ya kuzuia mimba nayo haitaki kuchelewa. Kama anaweza kuvumilia, asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kuonwa na daktari, na nguo zifungwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, si wa nailoni, kwa sababu unyevu huharibu ushahidi. Akiwa ameshaoga, aende tu.

Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Ulizeni hilo mnapofika, badala ya kueleza mambo ya ndani kaunta mbele ya watu, na msiondoke bila namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yenu. Katika baadhi ya hospitali, kama Amana jijini Dar es Salaam na Mnazi Mmoja Unguja, kuna vituo vya Mkono kwa Mkono ambako matibabu, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri ni mtu muhimu kumjua. Kwa mtoto yeyote aliye hatarini, simu 116 hupigwa bure. Wasomaji wa Kenya wana 1195, nayo ni bure.

Msindikize. Mwanamke aliyesindikizwa na kaka yake au jirani husikilizwa tofauti na aliyekwenda peke yake analia, na hata akikata tamaa foleni ikiwa ndefu, kuna wa kumshika mkono.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo, hata kama mila inasema vinginevyo. Ina zaidi ya miaka hamsini. Tanzania Bara haina sheria moja mahsusi ya ukatili wa majumbani, lakini shambulio, kujeruhi na kutishia kuua ni makosa ya jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na pete ya ndoa haiyafuti. Kenya wao wana Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Majumbani ya 2015, inayomwezesha mtu kuomba mahakama itoe amri ya kumzuia mtesaji asimkaribie.

Watu wengi huchanganya mambo mawili. Shauri la talaka hutakiwa lipitie kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ingawa mahakama inaweza kulipokea bila baraza pale penye mazingira ya kipekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Kesi ya kupigwa haihitaji baraza lolote. Mtu akikuambia polisi hawawezi kumpokea aliyepigwa mpaka aende baraza la kata, mwambie hizo ni njia mbili tofauti.

Hofu ya kuondoka mikono mitupu nayo ina jibu. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Nyumba ya familia haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Walioishi "sogea tukae" kwa miaka miwili au zaidi na kutambulika kama mume na mke, sheria huwadhania kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mahakama inaweza kugawa mali na kuamua matunzo ya watoto. Kwa asiye na pesa ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria walioko mpaka ngazi ya wilaya na kata, na vipo vyama kama TAWLA, WLAC na LHRC. Kenya wapo FIDA.

Kwa viongozi wa dini

Neno lenu lina nguvu ya kumweka mtu hai. Mchungaji au padri anayesema "nenda ukaombe, Mungu atambadilisha" amemrudisha muumini kwenye hatari kwa jina la Mungu. Sheria ya Kanisa Katoliki yenyewe, kanuni ya 1153, inakubali mwanandoa kutengana na mwenzake anayemhatarisha yeye au watoto. Katika Uislamu kuna khului na faskhi, milango ya kutoka kwenye ndoa ambayo mke aliyedhurika anaweza kuitumia. Waelezeni waumini haya mimbarini kabla hawajayahitaji, na msiwakutanishe mtesaji na mteswa kwenye ushauri wa pamoja.

Baada ya kutoka

Wiki ya kwanza simu yake haitulii. Mwezi wa tatu, wakati kodi inadaiwa na mume anatuma ujumbe wa mapenzi, hakuna anayepiga. Hapo ndipo wengi hurudi, kwa sababu unga umeisha. Kwa hiyo msaada upangwe kama mnavyopanga shughuli: nani atampa chumba kwa miezi mitatu, nani atalipa michango ya shule, nani atamwazima mtaji wa genge, nani atamsindikiza mahakamani kila tarehe ya kesi, nani atakaa na watoto. Watoto waelezwe kwa maneno mepesi kwamba si wao waliosababisha, na mwalimu wao ajulishwe nani anaruhusiwa kuwachukua.

Harusi yake tuliichangia kwa kamati, kadi na ahadi, na mwenye kuchelewa tulimfuata mpaka kazini. Ukoo ulioweza kukusanya mamilioni kwa ajili ya ukumbi na keki unaweza kukusanya kodi ya chumba kimoja, godoro na nauli ya kwenda kituoni. Mkishajua kwamba ndugu yenu anaogopa ndani ya nyumba yake, iteueni kamati hiyo wiki hiihii, na mwekeni yeye awe mwenyekiti wake.